Borani Halishwi Ili Apendeze

Kipindi hiki kinakufikia wakati majani ya Dodoma yamekwisha kugeuka rangi, malambo yamepungua, na wafugaji wengi wanaitazama mbingu kila asubuhi. Ni wakati mwafaka wa kuzungumza kuhusu ng'ombe wa nyama wa damu safi, maana kiangazi hakimfichi mtu. Mwezi Machi kila kundi linapendeza. Mwezi Oktoba ndipo linapojulikana kundi la mbegu na kundi lenye jina la mbegu.

Yapo malalamiko ambayo kila anayezunguka kwa wafugaji ameyasikia. Mtu anauza maksai wake, anakusanya fedha za kutosha, anafunga safari kwenda kununua dume la Borani. Anapofika anaoneshwa madume, naye anamchagua aliyenona kuliko wote: shingo nene, nundu imejaa, ngozi inang'aa. Anampakia kwenye lori hadi kijijini, majirani wanakuja kumtazama. Miezi minne baadaye dume yule mbavu zinahesabika, kwato zinamuuma, na majike aliowekwa nao hawana mimba. Mwenye mali anatoa hukumu: hii mbegu ya kisasa haifai kwetu, bora turudi kwenye zebu wetu wa asili.

Mimi sikubaliani na hukumu hiyo, na jioni ya leo nataka nieleze kwa nini. Hapo yamekutana makosa mawili, na yote mawili ni ya chakula. Kosa la kwanza lilifanyika kule alikonunuliwa: dume alilishwa ili auzike. Kosa la pili lilifanyika alikopelekwa: majike hawakulishwa wakati walipohitaji, hivyo hata angeletwa dume bora kuliko wote duniani, wasingeshika mimba. Kundi la mbegu lina utaratibu wake wa kulishwa, na utaratibu huo haufanani na wa mtu anayenenepesha ng'ombe kwa ajili ya machinjio.

Tukumbuke kwanza Borani ni nani. Asili yake ni kwa Waborana, wafugaji wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya, nchi kavu yenye visima virefu ambako ng'ombe hutembea mwendo mrefu kati ya malisho na maji. Huko jike asiyeweza kuzaa na kulea katika ukame hakuacha uzao. Baadaye wenye ranchi nchini Kenya, Laikipia na kwingineko, waliwanunua ng'ombe hao, wakawachagua kwa miaka mingi kwa ukubwa wa mwili na uzazi, na mwaka 1951 wakaanzisha chama cha wazalishaji wa Borani. Kufikia miaka ya 1990 viinitete vyake vilikuwa vinasafirishwa hadi Afrika Kusini. Dume aliyekomaa hufikia kilo 550 na kuendelea, wengine wakapita 800, na jike huwa kati ya kilo 400 na 550 akipata malisho mazuri. Ng'ombe huyu alitengenezwa na ukame pamoja na jicho la mfugaji aliyejua kuchagua. Ndoo ya pumba haikuwa na sehemu yoyote katika kazi hiyo.

Ndiyo maana nasema kundi la damu safi hulishwa kwa shabaha mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kuwawezesha majike wazae kila mwaka. Ya pili, ambayo wengi wanaisahau, ni kumwezesha mwenye kundi aone nani anastahili kubaki. Ukimpa kila ng'ombe chakula cha ziada kila siku, wote watanenepa, na hutajua tena yupi ana uwezo wake mwenyewe na yupi anabebwa na mfuko wako. Na ukiwaacha wote wafe njaa, napo hutaona kitu, kwa sababu njaa ikizidi humwangusha hata aliye bora. Kazi yote ipo hapo katikati.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na tuanze na kalenda, maana kalenda ni chakula cha bei rahisi kuliko vyote.

Jike wa Borani hubeba mimba siku 283 hivi. Mwaka una siku 365. Toa moja kwa nyingine, zinabaki siku 82. Kwa hiyo jike anayetakiwa kuzaa kila mwaka ana siku 82 tu tangu azae hadi ashike mimba nyingine, na katika siku hizo ananyonyesha, anarudisha mfuko wa uzazi katika hali yake, na anatakiwa aingie kwenye joto. Hakuna kipindi kingine katika maisha ya ng'ombe kinachodai chakula kingi kama hicho. Swali ni hili: siku hizo 82 unataka ziangukie mwezi gani?

Katika Dodoma na sehemu kubwa ya kanda ya kati tuna msimu mmoja wa mvua, kwa kawaida kuanzia Desemba hadi Aprili, na kiangazi kirefu kinachofuata. Ukiwaingiza madume kundini tarehe 1 Februari na kuwatoa mwisho wa Aprili, ndama wa kwanza watazaliwa karibu na tarehe 11 Novemba na wa mwisho wiki ya kwanza ya Februari. Mama anazaa majani mabichi yakiwa yanakaribia au yamekwisha kuota, maziwa yanapanda pamoja na mvua, na anaingia tena kwenye joto Februari na Machi, malisho yakiwa kwenye ubora wake. Ndama anaachishwa akiwa na miezi saba, yaani kati ya Juni na mwanzoni mwa Septemba. Baada ya hapo mama anabaki na mimba tu, hanyonyeshi, na anaweza kuvumilia miezi ya mwanzo ya kiangazi kwa majani makavu.

Linganisha na kundi ambalo dume hukaa na majike mwaka mzima. Wapo wanaozaa Julai. Mama wa Julai ananyonyesha katika majani makavu, mwili unaliwa na maziwa, haingii kwenye joto hadi mvua irudi, na ndama wake anakua mfupi, tumbo kubwa. Kisha tunamlaumu dume.

Najua mfugaji anayechunga pamoja na jirani ataniuliza, nitawatenga vipi madume wakati malisho ni ya wote? Ni swali la haki. Lakini kwa anayesema ana kundi la damu safi, jibu ni kwamba damu safi haiwezekani bila kujua baba wa kila ndama. Lazima majike wa mbegu wawe na eneo lao na mchungaji wao angalau katika miezi ya kupandisha, na madume wote wasiochaguliwa wahasiwe mapema kwa burdizo, koleo la kuhasia. Anayeshindwa kabisa kutenga madume anaweza kutumia uhimilishaji. Kituo chetu cha taifa cha uhimilishaji kipo Usa River, Arusha. Uhimilishaji nao hauna msaada kwa jike aliyekonda. Mbegu iliyogandishwa haimwingizi ng'ombe mwenye njaa kwenye joto.

Tuje kwenye majani yenyewe. Kanuni inayotumika ni kwamba ng'ombe hula chakula kikavu, yaani kikiondolewa maji, cha takribani asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku. Jike wa kilo 400 anahitaji kilo 10. Kiangazi cha miezi sita kina siku 180, kwa hiyo jike huyo mmoja anahitaji kilo 1,800. Robota la hei lenye uzito wa kilo 15 lina chakula kikavu cha kilo 13 hivi. Ukitaka kumvusha kiangazi kwa marobota peke yake unahitaji zaidi ya marobota 130. Kwa majike 30 unazungumzia marobota zaidi ya 4,000. Ni wafugaji wangapi wenye ghala la kuyaweka, achilia mbali fedha za kuyanunua?

Hesabu hiyo naitoa ili tuache kujidanganya. Kundi la nyama halilishwi ghalani. Linalishwa na malisho yaliyosimama shambani, yaliyoachwa makusudi wakati wa mvua ili yaliwe wakati wa jua. Wazee wetu walilijua hili. Wasukuma wana ngitili, eneo linalofungwa majani yakiwa bado mabichi na kufunguliwa kiangazi kikikaza, na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulioanza mwaka 1986 ulipofufua utaratibu huo, nyika zilizokuwa uwanda mtupu zilirudisha majani na miti. Wamasai wana alalili, malisho ya karibu na boma yanayotunzwa kwa ajili ya ndama na wanyama dhaifu. Mtu mwenye Borani wa thamani kubwa asiyekuwa na eneo la namna hiyo amenunua ng'ombe kabla ya kununua chakula chake.

Kongwa, hapahapa mkoani Dodoma, ni shahidi wa nguvu ya majani. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mitambo pale kufungua mashamba makubwa ya karanga. Mvua haikutosha, udongo ukikauka ulikuwa mgumu ukashinda mashine, na mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ukaachwa. Ardhi ileile iliyokataa karanga ilikubali majani, na leo kuna Ranchi ya Kongwa chini ya Kampuni ya Ranchi za Taifa, NARCO, ambako Borani wamezalishwa kwa miongo mingi. Majani yaliyostawi pale ni pamoja na yale ambayo wataalamu huyaita Cenchrus ciliaris, yenye mizizi mirefu na masuke kama mkia, yanayovumilia ukame na yanayobaki na kitu cha kuliwa hata yakikauka. Mwenye shamba kanda ya kati anayetaka kupanda malisho aanze na hayo kabla ya kufikiria majani ya mabondeni.

Na idadi ya ng'ombe? Hapa ndipo watu hukasirika, lakini lazima isemwe. Chukua hekta moja inayotoa tani 2 za majani makavu kwa mwaka. Ukitaka mizizi ibaki hai na udongo usibebwe na upepo, usiwaachie ng'ombe zaidi ya theluthi moja, yaani kama kilo 670. Jike wetu wa kilo 400 anakula kilo 3,650 kwa mwaka. Gawanya, utapata hekta tano na nusu kwa jike mmoja. Shamba lenye rutuba zaidi litahitaji chache, lenye vichaka litahitaji nyingi. Mwenye hekta 100 za namna hiyo ana nafasi ya majike 18. Akiweka 40, atakuwa na majike 40 wasioshika mimba, badala ya 18 wanaozaa.

Hata malisho yakitosha kwa wingi, liko jambo lingine kwenye majani makavu ambalo macho hayalioni. Katika tumbo kubwa la kwanza la ng'ombe wanaishi vijidudu wasiohesabika, na hao ndio wanaoyavunja majani. Vijidudu hao wanahitaji protini, takribani asilimia 7 ya chakula. Majani yaliyokauka shambani mwezi Septemba huwa na asilimia 3 au 4. Vijidudu wanapungua, majani yanakaa tumboni muda mrefu bila kuvunjika, ng'ombe anajiona ameshiba na kuacha kula. Ndiyo maana unaweza kumkuta ng'ombe amesimama katikati ya majani yanayomfika magotini huku anakonda.

Dawa yake ni protini kidogo, na kanda ya kati tunayo. Singida na Dodoma ni nchi ya alizeti, na mashudu yanatoka viwandani kwetu wenyewe. Kilo moja hadi moja na nusu ya mashudu ya alizeti kwa siku kwa jike mkubwa inawarudisha vijidudu kazini, na ng'ombe anaongeza ulaji wa majani yaleyale makavu. Pumba za mahindi zina nguvu lakini protini yake ni ndogo, kwa hiyo pumba peke yake kwenye majani makavu haimalizi tatizo. Kwa wenzetu wa Shinyanga na Mwanza yapo mashudu ya pamba, mazuri pia, ila nashauri usiwape madume ya mbegu kwa wingi wala ndama wadogo, kwa sababu pamba ina sumu iitwayo gosipoli inayoweza kudhuru mbegu za kiume na kuwaumiza ndama.

Urea ni rahisi kuliko mashudu, na wengi wanaipenda kwa sababu hiyo. Inafaa, lakini inaua. Kiwango cha juu ni gramu 30 kwa kila kilo 100 za uzito wa ng'ombe kwa siku, tena baada ya kumzoesha kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na daima pamoja na kitu chenye sukari kama molasi. Hatari kubwa inakuja na mvua ya kwanza ya Novemba. Maji yanatuama kwenye chombo cha kulambia, urea inayeyuka, ng'ombe anakunywa badala ya kulamba, na kabla hujamfikia ametetemeka, amejaa gesi, ameanguka. Chombo cha kulambia kiwe na paa na matundu ya kutolea maji, na siki iwe karibu, maana kumnywesha siki iliyochanganywa na maji mapema kunaweza kumwokoa. Asiyeweza kusimamia hayo aachane na urea kabisa.

Chumvi na madini viwepo mwaka mzima. Ukiona ng'ombe wako wanatafuna mifupa porini, wanakuambia fosforasi imepungua. Usiwaache waendelee, mfupa wa mzoga unaweza kubeba sumu inayompooza mnyama hadi afe. Maji nayo, lita 40 kwa siku kwa mkubwa, zaidi kwenye joto kali na kwa anayenyonyesha. Na kila kilomita anayotembea kuyafuata ni nyama inayobaki njiani.

Sasa, mashudu hayo apewe nani? Hapa ndipo mfugaji wa mbegu anapotakiwa kuwa na msimamo. Kama kalenda yako ni ile niliyoieleza, mimba inaingia theluthi yake ya mwisho kati ya Agosti na Novemba, na katika theluthi hiyo ndipo ndama hukua kwa kasi tumboni. Ni miezi ileile ambayo majani yamefikia ubaya wake wa mwisho. Ukimwacha jike akonde Septemba, atazaa amechoka, maziwa kidogo, na Februari hataingia kwenye joto. Fedha yako ndogo ya mashudu isisambazwe mwaka mzima kwa kundi zima. Iwekwe kwenye miezi hiyo, na foleni iwe na utaratibu.

Wa kwanza ni mitamba wenye mimba ya kwanza na majike waliozaa mara moja tu. Hawa bado wanakua wenyewe, wanabeba, wanalea, na meno wanabadilisha. Ni kwa hawa kundi la mbegu hupoteza wengi zaidi: mtamba anazaa ndama wa kwanza vizuri, halafu hashiki mimba ya pili. Wa pili ni ndama walioachishwa, hasa mitamba unaotaka kuwapandisha mwaka ujao, maana mtamba wa Borani asipofika karibu kilo 280 hayuko tayari kwa dume hata kama umri wake umefika. Wa tatu ni madume, miezi miwili kabla ya kuingia kundini, kwa kiasi cha kuwatia nguvu tu. Jike mkubwa aliyezaa mara tatu au nne anatakiwa ajitegemee kwa majani, chumvi, na nyongeza ndogo ya protini mwishoni mwa kiangazi. Akishindwa hapo wakati wenzake wa malisho yaleyale wamemudu, ameshakueleza habari zake.

Na habari hizo zifanyiwe kazi. Madume wakitoka mwisho wa Aprili, mwite daktari wa mifugo mwezi Julai awapime mimba majike wote kwa mkono. Asiye na mimba auzwe mwezi huohuo, akiwa bado ana nyama ya masika mwilini. Kila jike mtupu unayemwondoa Julai anamwachia mwenye mimba kilo 10 za majani kwa siku hadi mvua. Wengi wanamwonea huruma kwa sababu ni mzuri, ana rangi ya kupendeza, alinunuliwa bei kubwa. Mimi nasema huruma yote iende kabla ya kupandishwa, kwa njia ya mashudu na malisho. Baada ya kipimo isiwepo, kwa sababu jike mtupu anayesamehewa leo atakuzalia mabinti wa kusamehewa kesho.

Upande wa ndama, mizani ndiyo jicho. Chukua kalamu, msikilizaji, tufanye hesabu moja. Ndama wawili wamepimwa siku moja ya kuachishwa. Mmoja ana kilo 160, mwingine kilo 150. Wengi watamchagua wa kilo 160. Lakini huyu ana umri wa siku 240, na yule wa 150 ana siku 200. Wote walizaliwa na kilo 26. Wa kwanza ameongeza kilo 134 kwa siku 240; wa pili kilo 124 kwa siku 200. Wazalishaji huwaleta wote kwenye umri mmoja wa siku 205. Gawa ongezeko kwa idadi ya siku, zidisha kwa 205, kisha ongeza uzito wa kuzaliwa. Wa kwanza anatoka kilo 140 na nusu, wa pili anatoka kilo 153. Ndama aliyeonekana mdogo ndiye mwenye ukuaji, na mama yake ndiye mwenye maziwa. Bila tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa ungemwuza bora na kumbakiza wa kawaida. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye kundi la mbegu daftari lenye namba ya hereni, tarehe, mama, baba na uzito ndilo linalotofautisha damu safi na maneno ya sokoni.

Ila hesabu hiyo inasema kweli tu kama ndama wote wamelishwa sawa. Ukimpa ndama unayempenda maziwa ya ng'ombe wawili na pumba pembeni, uzito wake haukuambii chochote kuhusu uzao wake, na atakapokuwa dume atawarithisha watoto wake mwili ule ambao hukuwahi kuuona.

Hapo narudi kwa madume wanaouzwa. Dume kijana anayelishwa nafaka kwa wingi hujaza mafuta hata kwenye shingo ya mfuko wa korodani. Korodani zinatakiwa ziwe baridi kuliko mwili. Mafuta yakizifunika, joto linapanda na mbegu zinaharibika. Nafaka nyingi pia huchachusha tumbo, na matokeo yake hushukia kwenye kwato. Dume huyu akifika kwenye majani ya kawaida anapoteza uzito kwa kasi katika wiki zilezile anazotakiwa kupanda majike 25. Dume mzuri wa kununua ni yule aliyekulia kwenye majani pamoja na wenzake wa rika moja, akawashinda hapohapo, ana mwendo mwepesi, miguu iliyonyooka, korodani mbili kubwa zilizo sawa, na tabia ya upole anapokaribiwa na mtu. Mwombe daktari ampime mbegu kabla hujalipa. Na akishakaa kundini mwako miaka miwili, mbadilishe, maana mwaka wa tatu binti zake wanafikia kupandishwa, na dume akimpanda binti yake unaanza kuvuna ndama dhaifu.

Magonjwa yanahitaji jioni yake, kwa hiyo nitasema moja tu linalohusu mbegu. Borani anayetoka kwenye ranchi yenye josho la kila wiki anaweza asiwe na kinga ya ndigana kali. Ukimpeleka kijijini penye kupe wengi bila chanjo, anaweza kufa kabla hajapanda. Chanjo ya ndigana kali ipo, wafugaji wa kaskazini wameitumia kwa miaka mingi, na ndama anaweza kuchanjwa akiwa mdogo. Zungumza na afisa mifugo wako kabla lori halijaondoka.

Nimalizie kwa ombi, kwanza kwa wenye ranchi na mashamba yanayouza madume ya mbegu, ya umma na ya watu binafsi. Kila dume anayeuzwa awe na karatasi inayoonyesha tarehe ya kuzaliwa, mama na baba, uzito wa siku 205 pamoja na wastani wa rika lake, matokeo ya kipimo cha mbegu, chanjo alizopata, na chakula alichokula miezi sita ya mwisho. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kisichowezekana kwa shamba linalojiita la mbegu. Na wewe mfugaji unayekwenda kununua msimu huu, omba karatasi hiyo kabla hujamtazama dume, na usipopewa, rudi nyumbani na fedha zako ununue mashudu ya majike wenye mimba.